Ile Mistari Ilikuwa Mikono Yake

Zuhura mwanangu,

Mwalimu wangu wa darasa la nne, ambalo ndilo lilikuwa darasa langu la mwisho, alitufundisha kwamba barua ianze kwa kumwambia mwenzio kuwa wewe ni mzima, na kumuombea naye awe mzima. Mie si mzima, goti la kulia linanitukana tangu asubuhi. Na wewe nimekuona kwa macho yangu ukitoka kwenda kusukwa Buguruni, unatafuna muhogo kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kwa hiyo salamu tumemaliza.

Mambo ya sweta na sabuni sitaki kuyajua. Shangazi yako Tatu amekuandikia kurasa mbili, kuanzia nguo za ndani mpaka namna ya kukataa chakula cha jirani usiyemjua. Mfuate yeye. Kesho unapanda treni kwenda Dodoma, na mie nina jambo moja tu la kukuambia, ambalo nimelikalia miaka mingi.

Juzi ulikuja barazani na simu mkononi, meno yote nje. "Baba, inchaji, yule mkuu wa wodi yangu mpya, kanipigia mwenyewe! Ananiuliza kama nina pa kufikia. Ana sauti nzuri, utadhani mama mkwe anayekutaka." Nikakuuliza jina lake. Ukasema, "Sista Apolonia." Nikasema, "Aa, jina la kizee hilo." Ukacheka, ukaondoka zako. Hukuona kwamba chai nilikuwa nimeimwaga yote kwenye kanzu.

Huyo Apolonia unamjua, Zuhura. Jina lake tu ndilo ulikuwa hulijui. Ndiye yule nesi.

Ndiyo, yule yule. Yule ambaye katika nyumba hii hatajwi bila mtu kusonya. Nesi aliyechoka, aliyeacha kubonyeza kifua cha mdogo wako Shabani kwa sababu mikono ilimuuma, mtoto akafa. Umekua na hadithi hiyo tangu una miaka tisa. Ukaapa mbele ya mama yako kwamba utakuwa nesi asiyechoka, na leo una cheti, wodi ya watoto mahututi inakusubiri. Sasa sikiliza. Ile hadithi niliitunga mie.

Barua usiichane bado. Soma mpaka mwisho, halafu uchane.

Nianze na huyo mtunzi, maana ni kiumbe wa kudharauliwa hasa, na hakuna anayemjua kama mie. Pale hospitali nilikuwa mhudumu. Nasukuma vitanda, namwaga mikojo, napeleka damu maabara na maiti kule chini. Kazi halali kabisa, tena ngumu, mtu angeweza kutembea nayo kifua mbele. Lakini mhudumu alikuwa anapewa koti jeupe. Basi likanimaliza. Zamu ikiisha silivui. Napita nalo Buguruni sokoni polepole kama bwana harusi, nasubiri kusalimiwa.

"Shikamoo dokta!"

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, ila baba yao anakojoa rangi ya chai."

Nakunja uso, naangalia mbali kidogo. "Chai ya rangi au ya maziwa?"

"Ya rangi, dokta."

"Basi anywe maji mengi."

Wanashukuru, wananifungia nyanya. Hakuna hata mmoja aliyepona kwa ajili yangu, na waliopona walikuwa wapone tu. Mama yako alinionya. "Mfaume, hilo koti litakuja kukuua." Alikosea kidogo tu, halikuniua mie.

Nikupe na siku nilipoharibika kabisa. Ilikuwa Idi pili, akaletwa binti wa miaka sita anaumwa tumbo, vidole vyeusi tii kwa piko, ile rangi ya kujipambia. Kulikuwa na daktari wa mafunzo, kijana mwenye kalamu nne mfukoni na hata moja haiandiki. Akambana mtoto kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Mashine ikaanza kupiga kelele, namba zinaanguka, kijana naye uso unaanguka pamoja nazo. "Oksijeni! Leteni oksijeni haraka!" Mgonjwa mwenyewe amekaa anakula biskuti, anamtazama kama anamtazama kichekesho.

Nimesimama pembeni na ndoo yangu. Nikasema, "Dokta, mtoto gani anakufa huku anaomba maji ya kushushia biskuti?" Nikakibandua kibanio, nikakibana kwenye kidole gumba cha mguu, ambako piko haikufika. Namba zikapanda, kelele zikaisha. Nesi mmoja akacheka mpaka akashika meza. Akaniambia, "Mzee Mfaume, wewe ulikosea tu kuzaliwa mbali na shule."

Nesi huyo ndiye Apolonia. Alikuwa rafiki yangu. Hilo nalo sikuwahi kuwaambia.

Sentensi yake ilinilevya kuliko mnazi. Tangu siku ile nikawa nasimama mbele ya monita nawatafsiria kina mama: mstari huu wa juu ni moyo, huu wa chini ni damu ya kidoleni, ikicheza yote miwili mtoto wako hana shida, mama, nenda ukale. Mtu amepata ujanja mmoja wa kidole gumba, anafungua chuo.

Sasa Shabani. Unakumbuka alikuwa na miaka minne, na unakumbuka kifua kilivyokuwa kinambana. Ilikuwa homa ya mapafu. Alilazwa kwenye wodi yetu, na siku ya tatu, asubuhi, uji umeshagawiwa, moyo wake ukasimama. Apolonia ndiye aliyekuwa karibu. Akavuta kistuli, akapanda, akaanza kubonyeza. Yule kijana wa kalamu nne akashika mfuko wa kumpulizia hewa. Mama yako akatolewa nje, maana ndiyo ilikuwa taratibu ya pale, wazazi wanatoka.

Na baba je? Baba naye alitakiwa atoke. Lakini nani atamtoa Dokta Mfaume? Nilikuwa na koti.

Nikasimama mguuni pa kitanda. Wewe sasa umesomea, utadhani nilimtazama mwanangu. Hapana. Rangi ya midomo yake siikumbuki kwa sababu sikuiona. Sikumgusa mguu nijue kama una joto. Nilitazama monita, Zuhura. Mwanangu anakufa, mie nasoma televisheni.

Na monita ikaniambia nilichotaka. Mstari wa juu unacheza, wa chini unapanda na kushuka, vilima vizuri kabisa, na namba ya oksijeni nayo ikatokea pembeni. Nikapiga ukelele. "Amerudi! Moyo umerudi! Mwacheni, mnamvunja mbavu!"

Apolonia hakuinua hata kichwa. "Toka nje, Mzee Mfaume."

Nikamshika mikono. Yote miwili, hapa chini ya viwiko, nikaivuta juu. Yule kijana akatazama monita, akatazama koti langu, ambalo lilikuwa safi kuliko lake, akashusha mfuko wa hewa. Watu watatu wazima tukasimama tunatazama kioo. Mistari ikatikisika mara moja, ikalala.

"Ilikuwa mikono yangu," Apolonia akasema. Polepole, kama unavyomwambia mlevi avuke barabara. "Ile mistari ilikuwa mikono yangu. Niachie."

Sikumwachia. Hapa ndipo ninapotaka unidharau vizuri, usiwe na haraka. Nilikuwa nimeshaambiwa, nimeshasikia, na bado nikaendelea kumshika, nasubiri mashine inipe haki yangu. Muda gani, sijui. Sikuupima, na sitaki mtu wa kunipimia.

Alijinasua mwenyewe, akarudi juu ya kifua. Alibonyeza mpaka daktari mkubwa akafika, akaweka vidole kwenye kinena cha mtoto kutafuta mapigo, akatafuta tena, akatikisa kichwa. Apolonia aliposhuka kwenye kistuli mikono ilikuwa inamtetemeka hadi akashindwa kuvua glavu.

Nje mama yako alikuwa amekaa sakafuni, kanga mdomoni. Akaniuliza, "Imekuwaje?" Wakati ule ule Apolonia akapita kwenye korido na mikono yake inayotetemeka. Nikafungua mdomo, yakatoka maneno mawili. "Nesi alichoka."

Ndiyo hadithi yote hiyo. Mengine mliongeza nyie wenyewe. Msibani ilikuwa imeshaota miguu: nesi alikuwa anaongea na simu, nesi alikuwa na dharau, nesi hana mtoto ndiyo maana. Mie nimekaa mkekani napokea pole, watu wananiita dokta, nanyamaza kwa heshima zote.

Siku ya arobaini shangazi yako Tatu alikusanya wanawake wa mtaa, wakafunga kanga viunoni, wakaenda wodini. Walimtukana Apolonia mbele ya wagonjwa. Mengine wewe hujawahi kuyasikia, na nakuombea usiyasikie. Mie nilikuwa zamu, nimeshika kitanda cha kusukuma. Akanitazama juu ya vichwa vyao. Ananingoja tu niseme. Nikainama kurekebisha tairi la kitanda ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Niliinama hadi wakaondoka.

Baada ya hapo akahamishwa. Yule daktari wa kalamu nne hakusema, alikuwa anaogopa hata kivuli chake. Na mama yako, unajua. Ameingia kaburini anamchukia mtu asiye na kosa, na chuki ile mie ndiye niliyempakulia sahani. Nilipata miaka kumi na moja ya kumwambia. Kila siku nilikuwa na shughuli.

Shabani angepona kama nisingemshika yule dada mikono? Sijui. Nisikudanganye kwa kujitesa zaidi ya ninavyostahili, huo nao ni ujanja wa watu kama mie, wanajilaumu kwa kelele ili wabembelezwe. Huenda angekufa tu. Wengi wanakufa hata wakibonyezwa vizuri. Ninachojua ni kwamba kuna muda damu ilikuwa inafika kichwani kwake kwa sababu ya mikono ya mtu mmoja, na mie ndiye niliyeikata.

Sasa utaniambia, "Baba, hayo ya mistari tumesoma chuoni." Najua. Nami nilisoma, ila kwa mlangoni. Mwaka wangu wa mwisho kazini walileta mafunzo na mdoli wa kubonyezwa kifua. Mwalimu alikuwa daktari mwanamke, kijana, lafudhi yake ya bara, hana makuu. Nilikuwa napiga deki korido, nikapunguza kasi mpaka nikawa nalisugua bamba moja la sakafu kama lina dhambi. Akawaambia wakati wa kubonyeza watazame hewa chafu inayotoka kwenye mrija wa mgonjwa. Damu ikifika mapafuni, hewa ile inatoka, mashine inaipa namba. Ukibonyeza kivivu, au umechoka, namba inalala, basi mbadilishane. Na moyo ukirudi kweli, namba inaruka ghafla. Akawaonyesha na kibandiko kinachokaa kwenye paji la uso, kinamulika mwanga ndani, kinasoma damu ya ubongo kama bado ina oksijeni, tena hakihitaji mapigo ya moyo kama kile kibanio cha kidoleni. Akasema hata hicho si msahafu, kinatazama sehemu ndogo tu, na vifaa hivyo hamtavikuta kila wodi.

Nikashindwa kujizuia. "Dokta, samahani, na ile mistari ya kwenye monita ikicheza?"

Wakacheka, mzee wa deki anauliza. Yeye hakucheka. "Mzee, mtu akiwa anabonyeza, mistari ile inaweza kuwa mikono yake tu. Hata moyo wenyewe unaweza kuchora mistari mizuri na usisukume damu hata tone. Ndiyo maana kuna mtu anagusa mapigo."

Nikamshukuru. Nikaenda kukaa chooni, mahali panaponifaa.

Lakini usije ukamwambia mtu kwamba baba yako alisema mashine ni za uongo. Wako wazee wa hivyo barazani, kila kipimo ni ujanja wa wazungu, wakati presha yao wenyewe inawapasua kichwa. Ile mashine haikudanganya. Ilisema kuna kitu kinasukuma damu mpaka kidoleni, na ilikuwa kweli, kilikuwa mikono ya Apolonia. Mjinga alikuwa msomaji.

Sasa ya jana. Ulipokuwa bafuni nilichukua namba yake kwenye simu yako. Hiyo siri unayofungulia simu ni mwaka wako wa kuzaliwa, ni aibu kwa mtu msomi. Nikampigia.

"Haloo, shikamoo," nikasema, nikasahau kwamba mkubwa ni mie.

"Mzee Mfaume," akajibu. Hivyo hivyo, hajauliza. "Sauti yako haijapata adabu hata kidogo."

"Sista, nimekupigia kukuambia kwamba ile siku..."

"Usiniambie mie ile siku. Mie nilikuwepo. Mwambie mwanao."

"Kumbe ulijua ni mwanangu?"

"Jina lako limeandikwa kwenye barua yake ya kazi, tena lote. Nimeomba mwenyewe apangwe kwangu."

Nikamuuliza kwa nini. Nilidhani anataka kulipiza, maana mie ndivyo ningefanya.

"Kwa sababu waliomfanyia usaili wameniambia huyu binti akibonyeza mdoli mpaka umwondoe kwa nguvu," akasema. "Lakini akija na hiyo hadithi yenu kichwani, siku tukisimama wawili juu ya mtoto atakuwa ananitazama mie kama nachoka. Hatamtazama mtoto. Nikimwambia badilisha, atadhani nakimbia. Nikimwambia endelea, atabisha. Na mtoto huyo atakufa, Mzee Mfaume. Wa mtu mwingine safari hii."

Nikasema samahani. Ilichukua miaka mingi kufika kwenye neno dogo kiasi kile, na lilipofika lilikuwa kama kikohozi.

"Uji wa wagonjwa unapoa," akasema, akakata simu.

Leo asubuhi nimemwambia shangazi yako. Alikuwa anachambua mchele. Hakulia wala hakunipiga na ungo, ingawa nilikaa karibu makusudi. Akachambua, akachambua, halafu akaniuliza, "Na yale matusi niliyomtukana yule mwanamke, sasa niyarudishe wapi, Mfaume?" Mie mwenye majibu ya mikojo ya watu nikaokota punje moja ya mchele sakafuni.

Nilitaka barua hii niichomeke kwenye begi uikute Dodoma, ukiwa mbali na uso wangu. Nikajiona tena nimeinamia lile tairi. Kwa hiyo naiweka juu ya mto wako sasa hivi, hujarudi kutoka kusukwa, na mie nipo barazani na goti langu. Ukitaka kuja kunitukana, njoo. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, nitakaa kwa upande ule wa ukuta ili usipate tabu ya kunipita. Usinihurumie tu, huruma niliipokea mkekani arobaini nzima bila haki.

Kwa Apolonia usipeleke salamu zangu. Nenda na mikono yako. Akikuambia bonyeza, bonyeza. Akikuambia badilisheni, shuka kwenye kistuli bila kumtazama usoni, mtazame mtoto.

Na siku moja, mwanangu, utakuwa wewe uko juu. Atakuwepo mwanaume amesimama mguuni pa kitanda, wa koti au wa kaptula, amesahauliwa humo ndani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumtoa. Ataona mistari inacheza. Atapiga kelele kwamba mtoto wake amerudi, na atakuwa anaamini kwa roho yake yote. Atakushika mikono.

Mpige kiwiko cha mdomo, Zuhura. Na usigeuke kuona ameangukia wapi.

Baba yako,
Mfaume